Thieta tumejenga, usiku wodini anakesha nani?

Mwezi wa sita mwaka 2025 daktari mmoja akiwa Orlando kule Florida alimfanyia mgonjwa upasuaji wa saratani ya tezi dume, na mgonjwa mwenyewe alikuwa amelala mezani Angola. Katikati yao kuna kama kilomita 11,000. Dokta Vipul Patel kakaa kwenye kiti chake anachezesha vidhibiti, mikono ya roboti inamfuata kule Angola, inakata na kushona, na operesheni ikaisha salama. Habari ilipotoka karibu kila mwenye simu aliiona, na maneno yaliyoifuata yalikuwa yaleyale, kwamba sasa uhaba wa mabingwa Afrika umepata dawa, kwamba mgonjwa wa Kigoma atapasuliwa na bingwa aliyekaa Boston, kwamba serikali zetu zinangoja nini. Mimi sina ugomvi na roboti na kazi ile ilikuwa kubwa kweli, ila nadhani tumeisoma vibaya kabisa. Mgonjwa wa Afrika akifa kutokana na upasuaji, mara nyingi sana hafii mezani. Anafia wodini, kesho yake au siku ya tatu au ya tano, muda ambao aliyempasua keshavua glavu zamani na yuko na mgonjwa mwingine, na kinachomuua ni damu inayovuja taratibu ndani ya tumbo, au mshono ulioingia wadudu, au pumzi inayopungua kidogo kidogo hakuna aliyegutuka. Kwahiyo mimi nikisikia mradi wowote wa upasuaji, uwe wa roboti au wa kujenga thieta kwenye kila kituo cha afya, nauliza saa nane usiku pale wodini yuko nani na ana nini mkononi. Na kuna nusu ya pili ya hoja hii ambayo hata wanaoikubali ya kwanza wanaikosea, nayo ni kwamba kumwangalia mgonjwa peke yake hakumwokoi, nitafika huko.

Tuanze na namba maana bila namba huu mjadala unageuka wa kijiweni. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa utafiti uitwao ASOS, ulioongozwa na Profesa Bruce Biccard wa Cape Town. Walifuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa kwenye hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Hawa hawakuwa wazee waliochoka, umri wao wa wastani ulikuwa miaka 38 na nusu, wengi hawana magonjwa mengine mazito, na theluthi moja ya operesheni zilikuwa za kina mama kujifungua. Yaani kwa karatasi walikuwa na hatari ndogo kuliko wagonjwa wa Ulaya ambao wengi wanapasuliwa na kisukari na moyo mbovu juu. Pamoja na hayo 2.1% walikufa, na watafiti wakahitimisha kwamba mgonjwa wa Afrika ana uwezekano mara mbili wa kufa baada ya upasuaji ukilinganisha na wastani wa dunia. 18.2% walipata matatizo, maambukizi yakiongoza. Sasa sikiliza hii ambayo kwangu ndo kiini cha utafiti wote na ndo watu wanairuka, 94% ya vifo vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Mwaka uliofuata timu hiyohiyo ikachambua kina mama 3,792 waliojifungua kwa kisu kwenye nchi 22, vifo vilikuwa 5.43 kwa kila operesheni 1,000, karibu mara 50 ya nchi tajiri, na hatari kubwa ilikuwa kutoka damu nyingi, matatizo ya kondo la nyuma na mfuko wa uzazi kupasuka.

Halafu mwaka 2025 ukaja utafiti mwingine, huu haukuwa wa upasuaji peke yake ila unamalizia picha. Watafiti waliingia hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kumpima kila mtu mzima aliyekuwa amelazwa, karibu watu 20,000. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Kati ya hao mahututi 69% walikuwa kwenye wodi za kawaida, sio ICU ambayo ndo wodi maalum ya mahututi, na ndani ya siku saba mmoja kati ya watano alikuwa keshakufa. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wanapata matibabu yaliyotakiwa, na hapa usifikirie mashine za mabilioni, tunaongelea oksijeni, maji ya drip, na kumgeuza mgonjwa asiye na fahamu alale ubavu ili ulimi na matapishi visizibe njia ya hewa. Kumgeuza mtu ubavu! Tena hili limetokea baada ya UVIKO-19, baada ya nchi nyingi kununua mitambo ya oksijeni. Sisi Tanzania tulichukua mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021 na sehemu yake ikaenda kwenye ICU na mitambo hiyo, na ni jambo jema, ila bomba la oksijeni likifika ukutani bado anatakiwa mtu wa kujua kwamba mgonjwa wa kitanda namba 14 anaihitaji.

Ukitaka kuelewa hizo namba zinatokeaje, chukua faili la mgonjwa aliyepasuliwa jana ufungue ile karatasi ya vipimo. Nilifanya kazi ya nusu kaputi miaka kadhaa kwenye hospitali moja ya wilaya, na karatasi nilizokuwa nakutana nazo asubuhi zilikuwa zinafanana kama pacha: presha 120/80, 120/80, 118/78, pumzi 20, pumzi 20, pumzi 20, usiku kucha, mwandiko mmoja, wino mmoja, zimejazwa kwa mpigo alfajiri kabla ya kukabidhiana zamu. Hakuna binadamu anayepumua mara ishirini kamili kila saa mpaka kunakucha. Lakini kabla hujamtukana sista, angalia alichokuwa nacho. Yuko peke yake na wagonjwa thelathini na kitu, mashine ya presha ni moja na mkanda wake unavuja upepo na wodi ya pili nao wanaisubiri, oksimita ya kidoleni, ile ya kupima oksijeni kwenye damu, imefungiwa kabatini kwa matron kwasababu ya kwanza iliibiwa, kuna dawa za sindano za saa sita za watu kumi na wawili, kuna maiti moja ya kushusha, na mlangoni kuna mgonjwa mpya. Huku mama aliyejifungua kwa kisu jioni anasema anasikia baridi na kiu, ndugu yake ambaye angeweza kupiga kelele katolewa na mlinzi saa mbili usiku maana muda wa kuona wagonjwa umeisha. Na mwili wa binti wa miaka 24 ni mjanja, unavyopoteza damu mapigo ya moyo yanapanda kwanza, presha inajikaza, inajikaza, mpaka dakika ya mwisho inaporomoka kwa mpigo. Anayepima presha mara moja saa nne usiku na mara moja alfajiri atakuta mtu anayeonekana salama na baadae maiti, na kwenye ripoti itaandikwa hali ilibadilika ghafla. Haikuwa ghafla, ilichukua masaa sita.

Hili sio suala la Afrika tu kwa asili yake. Mwaka 2009 watafiti wa Michigan, Marekani, walichambua wagonjwa 84,730 waliofanyiwa upasuaji, wakazipanga hospitali kuanzia zenye vifo vichache mpaka zenye vifo vingi. Wengi tungetegemea kwamba hospitali mbaya zinapata matatizo mengi zaidi, mikono mizito, mishono mibovu. Haikuwa hivyo. Matatizo yalikaribiana mno, 24.6% kwenye hospitali bora na 26.9% kwenye zile za mwisho. Tofauti ilikuja baada ya tatizo kutokea, ukipata tatizo kubwa kwenye hospitali bora uwezekano wa kufa ni 12.5%, ukilipata kwenye hospitali ya mwisho ni 21.4%. Kwa maneno mengine kule vifo vilitofautiana kwa kasi ya kugundua na kuokoa kuliko ubora wa kisu. Ukichukua picha hiyo ukaileta kwenye wodi niliyoieleza hapo juu huna haja ya kushangaa tena ile 94%.

Sasa upande wa pili una hoja na nyingine ni nzito kweli, sitaki kuzipita juu juu. Ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote ni kwamba unaongelea waliobahatika kufika thieta, vipi wasiofika? Tume ya upasuaji duniani iliyoundwa na jarida la Lancet ilisema mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wa bei wanayoimudu, na kwamba zinahitajika operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka. Lengo walilopendekeza ni operesheni 5,000 kwa kila watu 100,000, wakati ASOS yenyewe ilikuta nchi zilizoshiriki ziko kwenye 212 hivi. Mabingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja walikuwa 0.7 kwa watu 100,000 na lengo ni 20. Mtu akikwambia jenga thieta kwanza, mama mwenye uchungu pingamizi Katavi hana muda wa kusubiri wodi yako nzuri, yuko sahihi, na ile kazi ya kuweka upasuaji wa dharura kwenye vituo vya afya tangu 2017 imeokoa watu ambao zamani walikuwa wanafia barabarani juu ya bodaboda. Na zaidi ya nusu ya operesheni za ASOS zilikuwa za dharura, wengine waliingia mezani tayari wameshaoza tumbo, hao hata wodi ya London ingewapoteza baadhi. Hoja hii naikubali karibu yote. Pale ninapoachana nayo ni kwenye lile neno kwanza, maana hakuna bajeti niliyoona ambayo baada ya thieta ilirudi wodini. Thieta inazinduliwa, utepe unakatwa, mgeni rasmi anapigwa picha na taa za dari, na wodi inabaki na manesi walewale huku idadi ya waliopasuliwa imepanda mara tatu. Kuongeza operesheni bila kuongeza watu wa kuwalea baada yake ni kuongeza wateja wa ile karatasi ya 120/80.

Hoja ya roboti ndo dhaifu kuliko zote na inashangaza ndo inayopendwa zaidi. Wanasema upasuaji wa mbali utaziba pengo la mabingwa. Haya, kule Angola kuna timu kamili ilikuwa imesimama pembeni ya mgonjwa, mtu wa usingizi, manesi wa thieta, madaktari wa upasuaji walio tayari kuendelea kwa mikono yao mtandao ukikatika. Maana yake roboti ya mbali inaenda pale ambapo tayari kuna timu, umeme usiocheza na intaneti ya uhakika, na hospitali yenye vyote hivyo sio iliyokuwa na shida kubwa. Bingwa akimaliza anazima skrini, mgonjwa anasukumwa kwenye korido ya Afrika kwenda kwenye wodi ya Afrika. Nakubali roboti na upasuaji wa matundu vina kazi, tundu dogo maana yake kidonda kidogo na siku chache kitandani, na kituo cha mafunzo cha IRCAD kilichofunguliwa Kigali mwaka 2023 kinafundisha madaktari wa huku huku badala ya kuwatuma Ufaransa, hilo ni la maana. Ila kuuza roboti kama jibu la vifo vya upasuaji Afrika ni kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Kuna na hoja ya mtaani kwamba shida ni manesi wana roho mbaya, wako busy na simu. Wapo wa hivyo kama walivyopo kwenye kila ofisi. Lakini ukieleza kwa roho mbaya inabidi ueleze kwanini sista huyohuyo akiondoka kwenda kufanya kazi Uingereza anageuka kuwa mzuri ndani ya miezi mitatu. Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka wahudumu wa afya, na huku kwetu wahitimu wa uuguzi wako mitaani wanasubiri ajira wakati wodi hazina manesi. Watu tunao. Kinachokosekana ni nafasi zilizotengewa mshahara.

Sasa nije kwenye ile nusu ya pili, na hapa ndo wachambuzi wengi wanateleza, wa pande zote mbili. Baada ya ASOS, Biccard na wenzake walijiuliza swali la kawaida kabisa, kama wanakufa wodini basi tuwaangalie zaidi. Wakafanya ASOS-2, majibu yalitoka 2021, hospitali 332 za nchi 28, wagonjwa 28,892. Hospitali ziligawanywa kwa kura, nusu zikaendelea kama kawaida, nusu zikaambiwa mgonjwa mwenye hatari kubwa mpeni wodi yenye uangalizi zaidi, au mpimeni mara nyingi zaidi, au mwekeni kitanda kinachoonekana kutoka kwenye meza ya manesi, au ruhusuni ndugu akae naye, na mwongozo wa dalili za hatari ukae kitandani. Matokeo, hakuna tofauti. Vifo na matatizo makubwa vilikuwa sawasawa pande zote mbili. Niliona watu wakishangilia kwamba basi hoja ya wodi imekufa, turudi kwenye mabingwa na mashine. Wengine wakasema Afrika hakuna kinachofanya kazi. Mimi nasoma tofauti. Hospitali zile ziliambiwa ziangalie zaidi kwa rasilimali zilezile walizokuwa nazo, hazikuletewa manesi wa ziada, wala damu kwenye friji, wala daktari wa usiku. Sista akigundua saa tisa usiku kwamba mapigo yamefika 140, halafu anapiga simu ya daktari haipokelewi, maabara imefungwa, damu inasubiri ndugu waje asubuhi kuchangia, mwenye funguo za thieta anakaa kilomita nne, huyo sista kagundua na mgonjwa amekufa vilevile. Ni kama kupiga yowe kwenye kijiji ambacho watu wote wameenda shamba la mbali.

Linganisha na E-MOTIVE, utafiti wa mwaka 2023 uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa kina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida. Sio upasuaji ni kweli, ila ugonjwa ni ndugu wa karibu, kutoka damu baada ya kujifungua. Hospitali 80, kina mama zaidi ya 210,000. Walichofanya ni kumtandikia mama plastiki yenye mfuko wenye mistari ya kupimia, damu ikifika mstari wa tahadhari mkunga anaona kwa macho, hakuna kukisia kwa kuangalia shuka. Na damu ikifika mstari huo tu mkunga hasubiri kuuliza, anaanza vyote kwa pamoja, kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kukaza mfuko huo, dawa ya traneksamiki ya kugandisha damu, drip, kukagua njia, na kuita msaada. Kugundua kulipanda kutoka 51% hadi 93%. Lakini angalia na namba ya pili, kupewa mchanganyiko mzima wa matibabu kulipanda kutoka 19% hadi 91%. Madhara makubwa yakapungua kwa 60%. Wakunga ni walewale wa Afrika, wodi zilezile, mishahara ileile. Tofauti na ASOS-2 ni kwamba huku kuona na kutenda vilifungwa pamoja, dawa ziko kwenye boksi moja pembeni ya kitanda, na mkunga ana ruhusa ya kuanza bila kumwamsha mtu. Ukiniuliza wodi ya upasuaji inahitaji nini, inahitaji hicho hicho. Mapigo yakivuka kiwango fulani au pumzi zikishuka chini ya kiwango fulani, sista afungue drip, aweke oksijeni, achukue damu ya kupima, na ampigie mtu ambaye kwa jina lake usiku huo analazimika kufika. Wenzetu wanaofanyia kazi huduma za msingi za mahututi wameshaorodhesha hatua hizi, ni kama 40 hivi, na Tanzania imekuwa mmoja wa wenyeji wa kazi hiyo, kwahiyo hatuna hata haja ya kuagiza wazo kutoka nje.

Niseme kidogo kuhusu thieta yenyewe maana nisije nikaonekana naidharau. Huko nako tafiti nzuri zinazidi kuonyesha kwamba vitu vya bei rahisi vinafanya kazi. Utafiti wa FALCON wa 2021, wagonjwa 5,788 kwenye nchi saba ikiwemo Rwanda, ilikuta kwamba klorheksidini ya kusafishia ngozi na nyuzi zilizopakwa triklosani ya kuua wadudu, ambazo bei yake iko juu, hazikushinda ayodini na nyuzi za kawaida. Utafiti mwingine, ChEETAh wa 2022, ukaonyesha kwamba timu ikibadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo maambukizi yanashuka kutoka 18.9% hadi 16%. Nzuri sana, na glavu ni za kununua bila kusubiri mfadhili. Ila isome na upande wa pili, hata baada ya kubadilisha glavu wagonjwa 16 kati ya 100 bado walipata maambukizi, na hao wote wataonekana wodini au nyumbani, siku ya nne, siku ya saba, homa na mshono unaotoa usaha. Anayeifungua ile bandeji na kushtuka siku ya nne badala ya siku ya tisa ndo anayeamua kama itakuwa kidonda au kaburi.

Na tusisahau Ifakara. Ile cheklisti ya usalama wa upasuaji ya WHO, ambayo leo imebandikwa ukutani karibu kila thieta duniani, ilijaribiwa kwenye miji minane na mmojawapo ni Ifakara yetu, pamoja na London, Toronto, Seattle na wengine. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Miaka mitano baadae Ontario, Kanada, hospitali 101 zilizoagizwa kuitumia hazikuona upungufu wa maana. Watu wakabishana sana kwanini, mimi naona wazi, kule mwanzo watu waliisoma kwa sauti na kusimamishana, kule mwisho waliweka alama za tiki tu. Sasa chukua karatasi hiyo uangalie sehemu ya mwisho kabisa, kabla mgonjwa hajatoka thieta. Inamtaka daktari, mtu wa usingizi na nesi waseme kwa sauti ni mambo gani ya kuangalia kwa mgonjwa huyu anapokwenda kupona. Kwa niliyoyaona ndo swali linalorukwa kuliko yote, wakati huo daktari keshatoka, mtu wa usingizi anaandaa sindano za anayefuata, na anayemsukuma mgonjwa kwenda wodini ni mhudumu ambaye hakuwepo ndani. Sista wa wodi anapokea faili na neno stable. Damu ilimwagika kiasi gani, kondo liling'ang'ania au la, kapewa dawa gani ya maumivu na saa ngapi inaweza kumkaba pumzi, hayo yote yamebaki kwenye kichwa cha mtu aliyeko thieta.

Maana yake kwa wenye maamuzi? Kwanza pesa. Kenya, SHA, mamlaka yao ya bima ya afya, ilipoanza ilipanga shilingi 30,000 kwa kujifungua kwa upasuaji, bei moja ya fungu zima, na Tanzania nayo ina sheria ya bima ya afya kwa wote tangu 2023 na viwango kama hivyo havikwepeki. Sipingi malipo ya fungu, yanazuia hospitali kumkamua mgonjwa kwa kila pamba. Ila fikiria mkurugenzi wa hospitali anavyolipwa, kila operesheni inaleta hela, kila nesi wa usiku anakula hela, kupima presha kila nusu saa hakuna mtu anakulipa na kutokupima hakuna mtu anakukata. Hata angekuwa malaika atapunguza pale pasipouma. Kama bima inataka kununua upasuaji salama basi iweke sharti, kituo hakilipwi kiwango kamili kama hakina nesi wa kutosha zamu ya usiku kwenye wodi ya waliopasuliwa, damu kwenye friji, na jina la mtu wa kuitwa. Vituo vidogo vitalalamika na vingine vina haki ya kulalamika, kituo chenye matabibu wawili hakiwezi kukesha kila siku, na jibu la hapo huenda ni kukubali kwamba sio kila kituo kipasue, vichache vipasue vizuri na gari la wagonjwa liwe na mafuta. Najua hilo halipendwi na mbunge yeyote.

Pili ni hesabu. Tume ya 2015 ilitaka vifo baada ya upasuaji vihesabiwe kila mahali, na mwaka 2023 mkutano mkuu wa WHO ukapitisha azimio la kuunganisha huduma za dharura, mahututi na upasuaji, nchi zetu zikiwemo. Ukienda hospitali ya wilaya ukauliza wamepasua wangapi mwezi uliopita utajibiwa kabla hujakaa, rejista ya thieta iko mezani. Ukiuliza wangapi kati yao walikuwa hai siku ya thelathini utaangaliwa kama umeuliza habari za mwezini. Wanaopinga kuhesabu wanasema hospitali zinazopokea wagonjwa wabaya zitaonekana zinaua, ni kweli, na dawa yake ni kuhesabu pamoja na hali aliyofika nayo mgonjwa, dharura au ya kupangwa, umri, kiwango cha damu alichofika nacho, vitu ambavyo tayari vimeandikwa. Hata namba ya simu ya ndugu imeandikwa kwenye faili tangu siku ya kulazwa, na kumpigia siku ya thelathini ni dakika mbili na vocha ya buku.